Maswali yenu: kughushi, kuchakachua, kufoji, feki... neno lipi kwa uongo upi?

Toleo lililopita tuligusia neno kughushi kwa mistari michache tu, na meseji zilizokuja baada ya hapo ni nyingi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua saba, na zile zinazofanana nimeziunganisha. Niseme kabisa mwanzoni msimamo wangu: haya maneno hayalingani, na mtu akiyachanganya anaweza kumtuhumu mwenzie kwa kosa ambalo hakulifanya au kumwachia mwizi upenyo wa kupita.

*

Mwanangu, habari za kazi. Marehemu mume wangu alituachia kiwanja, sasa shemeji kaja na karatasi ya mauziano eti marehemu alimuuzia kabla hajafa. Sahihi iliyopo pale sio ya mume wangu, naijua. Mjumbe kaniambia niandike "kachakachua hati", binti yangu wa chuo anasema niandike "kafoji". Niandike nini? – Mama wa Kibaha

Shikamoo mama, na pole sana kwa msiba na kwa huu mzigo mwingine uliokuja juu yake.

Neno lako ni kughushi. Kuchakachua kunahitaji kwanza kuwe na kitu halali, afu mtu akakiharibu kwa kukichanganya au kukipunguza au kukibadilisha. Wewe unavyoeleza hapakuwa na mauziano yoyote, karatasi yote imezaliwa kwenye uongo, hakuna halali iliyochakachuliwa pale. Kufoji binti yako hajakosea maana, kufoji na kughushi mtaani ni kitu kimoja, "kafoji sahihi" kila mtu anaelewa, ila polisi na mahakamani neno linaloandikwa kwenye hati ya mashtaka ni kughushi, kwa hiyo andika hilo hilo ili barua yako na karatasi zao ziongee lugha moja.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 333 inasema kughushi ni kutengeneza nyaraka ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Ona maneno mawili hapo: nyaraka, na nia. Adhabu ya kawaida iko kifungu cha 337, inafika miaka 7, ila mtu akighushi hati ya umiliki wa ardhi, wosia, noti au hundi anahamia kifungu cha 338 na huko inaweza kufika kifungo cha maisha. Na kuna kosa la pili ambalo watu wengi hawalijui, kifungu cha 342, kuwasilisha nyaraka ya uongo huku ukijua ni ya uongo. Ndo maana kwenye habari za mahakamani unasikia kila siku "anashtakiwa kwa kughushi na kuwasilisha nyaraka za uongo", sio kwamba wanarudia neno, ni makosa mawili tofauti: mmoja anaweza kuwa ameandika na mwingine ndo kaipeleka ofisini.

Sasa hapa mama yangu nisikilize vizuri. Usiandike "shemeji kaghushi". Andika "sahihi ya marehemu mume wangu imeghushiwa, na karatasi hiyo imewasilishwa na shemeji". Wewe hukumuona akiandika. Unachokijua kwa macho yako ni kwamba sahihi sio ya mumeo na karatasi kaja nayo yeye. Kiswahili kimetupa hii -wa ya kutendwa, inasema jambo limetendwa bila kumtaja aliyetenda, itumie, inakulinda wewe usije ukageuziwa kibao kwamba umemchafua mtu jina.

Afu kusanya karatasi zozote alizosaini mumeo enzi za uhai wake, fomu ya benki, barua za kazini, karatasi za shule za watoto, chochote, kwa sababu mtaalamu wa maandishi hawezi kusema sahihi ni ya uongo kama hana ya kweli ya kulinganisha nayo. Na kama kiwanja kimepimwa nenda ofisi ya ardhi uombe upekuzi rasmi, ujue leo hii kimeandikwa jina la nani.

*

Nyinyi wa bara mwatuchosha na hilo "kuchakachua". Sisi huku Mombasa tangu wazee wetu maziwa yakitiwa maji twasema yameghushiwa. Kwani ghushi ni ya makaratasi peke yake? – Msomaji wa Mombasa

Ndugu yangu umesema kweli na nashukuru umeandika, maana hili watu wengi wa huku kwetu wamelisahau.

Ghushi ni neno la Kiarabu lililoingia pwani kitambo, na kule lilikotoka ni neno la sokoni kabla halijawa la ofisini. Kuna hadithi ya Mtume iliyopokewa na Imamu Muslim, waumini wengi wanaijua: alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye mali, hii nini? Akajibu, mvua imeipata. Akamwambia basi kwa nini hukuiweka juu watu wakaiona, mwenye kughushi si katika sisi. Sasa pale hapakuwa na karatasi wala sahihi wala muhuri. Palikuwa na nafaka kavu juu na mbichi chini, na mnunuzi anaangalia juu. Hiyo ndo ghushi ya asili, kuficha kasoro ya mali ili uiuze kwa bei ya mali nzima. Kwa hiyo mzee wa Mombasa anayesema maziwa yameghushiwa hajakosea hata herufi, na karafuu zikichanganywa na makonyo, yaani vijiti vyake, nayo ni ghushi kwa maana hiyo hiyo.

Kilichotokea ni kwamba sheria ilipoelezwa kwa Kiswahili ilihitaji neno kwa ajili ya hati na sahihi, ikamchukua ghushi, na kwa wasomaji wengi wa bara leo ghushi ni makaratasi tu. Soko likabaki linatafuta neno lake, watu wakawa wanasema kuchanganya, kutia maji, na baadae chakachua likaingia likakaa pale. Wala sioni ubaya wa kuwa na maneno mawili, mi naona ni utajiri. Ubaya ni huyu wa bara kumcheka wa Mombasa eti kakosea.

Kitu kingine cha kwenu Kenya nikiseme hapa hapa: magazeti yenu yanaandika "stakabadhi ghushi" yakimaanisha nyaraka zozote za uongo, cheti, kitambulisho, pasipoti. Mtanzania akisoma hivyo anafikiria risiti, kwa sababu kwetu stakabadhi ni karatasi ya kupokelea hela au mali. Na adhabu zetu zinatofautiana pia, kwenu adhabu ya jumla ya kughushi ni miaka 3, kwetu 7.

*

Bro hili neno chakachua limetokea wapi mpaka likafika kwenye kura? Afu mi ni bodaboda, nitajuaje kama nimewekewa mafuta yaliyochakachuliwa? – Dereva wa Mbagala

Maswali mawili lakini yanakaa pamoja mdogo wangu, kwa sababu ni mafuta ndo yaliyolipatia hili neno jina.

Miaka ile mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo sana kulinganisha na dizeli na petroli. Ilikuwa na nia njema tu, mafuta ya taa ndo yalikuwa taa na jiko la mtu wa hali ya chini. Lakini bei zikiachana hivyo na vimiminika vyenyewe vinachanganyika bila kuonekana kwa macho, mfanyabiashara asiye na huruma anachukua lita za bei rahisi anazimwaga kwenye tenki la bei ghali na kila lita aliyoiongeza ni faida. Hiyo ndo ikaitwa kuchakachua mafuta, na wanaofanya wakaitwa wachakachuaji. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba, yaani kemikali maalum inayotiwa kwenye mafuta ya soko la ndani yakiwa bado ghalani, mkaguzi akija kituoni anapima na kifaa, vinasaba vikiwa pungufu maana yake pale kuna kitu kimeongezwa au hayo ni mafuta ya kwenda nchi jirani yaliyoshushwa njiani kukwepa kodi. Afu bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili bei zikaribiane na ile faida ya kuchanganya ife. Mchezo wa mafuta ya taa ulipungua kweli, lakini aliyeumia ni yule mama wa koroboi, na hili mi huwa linaniuma mpaka leo, mchakachuaji anaiba na gharama ya kumzuia inalipwa na mtu ambaye hajawahi hata kumiliki baiskeli.

Sasa kumbuka mwaka huo huo wa 2010 tarehe 31 Oktoba ulikuwa uchaguzi mkuu. Neno lipo mdomoni mwa kila mtu, vijiweni, kwenye daladala, redioni. Matokeo yakachelewa sehemu sehemu na wenye malalamiko hawakuhitaji kutafuta neno, wakasema kura zimechakachuliwa. Lilikaa vizuri kwa sababu maana yake ni ile ile: kura halali zipo, watu wamepiga kweli, halafu katikati ya kituo na tangazo kuna mkono umeingia. Ukisema "kuiba kura" umesema zimechukuliwa, ukisema "kuchakachua" umesema zimechanganywa, na hilo ni dai la aina nyingine. Mwaka 2014 likarudi tena kwenye Bunge Maalum la Katiba, wale waliokuwa hawaridhiki wakasema rasimu iliyotoka kwenye tume ya Jaji Warioba imechakachuliwa. Pale pia neno lilishika mahali pake, rasimu ya kwanza ilikuwepo, lalamiko lilikuwa ni kwamba iliyotoka mwisho sio ile iliyoingia. Ukikubali au ukikataa lalamiko lenyewe ni juu yako, ila neno lilitumika sawasawa.

Kuhusu pikipiki yako. Mafuta ya taa hayashiki moto kirahisi kama petroli, kwa hiyo dalili utaziona asubuhi injini ikiwa ya baridi, unapiga kiki inagoma, ikiwaka inamisi, kwenye mlima haina nguvu na utasikia inagonga, moshi unakuwa mwingi na plagi inachafuka haraka. Dalili hizi zinaweza pia kuwa za plagi mbovu au kabureta, kwa hiyo usikimbilie kumtukana mtu wa sheli. Angalia kama imeanza baada ya kujaza kituo fulani, jaza kwingine mara kadhaa uone, na dai risiti kila unapojaza, bila risiti huna pa kuanzia hata ukienda kulalamika. Wenzako wa magari ya dizeli wao hasara yao inakuja taratibu, mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi pampu kama dizeli, pampu inajila yenyewe mpaka siku inakufa.

*

Mtu ana cheti halali kabisa cha kidato cha nne ila kafuta D akaandika B. Hiyo ni kughushi au kuchakachua? – Afisa utumishi, Morogoro

Kwa lugha ya mtaani ni kuchakachua, kitu halali kimebadilishwa. Kwa sheria ni kughushi, na hapa sheria ndo inashinda kwa sababu kazi yako inakuhusisha nayo.

Kifungu cha 335 cha ile Kanuni ya Adhabu kinaeleza njia za kutengeneza nyaraka ya uongo na kuibadilisha nyaraka ya kweli bila mamlaka ni mojawapo. Njia nyingine ni kusaini kwa jina la mtu bila ruhusa yake, hata kama wewe nawe unaitwa jina hilo hilo, yaani hata ukiwa majina yenu yamelingana kuanzia la kwanza mpaka la ukoo bado huna ruhusa ya kusaini kama yeye.

Ila kuna jambo la tatu nataka uliangalie. Mwaka 2017 Rais Magufuli alipokabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti pale Dodoma, watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Kwenye taarifa hiyo hiyo kulikuwa na kundi jingine, vyeti vyenye utata, cheti kimoja kinatumiwa na watu zaidi ya mmoja. Sasa hao huwezi kusema wote wameghushi. Cheti ni cha kweli, alama ni za kweli, muhuri ni wa kweli, kasoro ni kwamba kati yao mmoja au zaidi sio mwenye jina. Huyo kajifanya mtu mwingine. Mtaani wote waliitwa "wenye vyeti feki" na ikaishia hapo, lakini wewe unayeandika barua ya kumsimamisha mtu kazi huna ruhusa ya uvivu huo, andika kitu alichofanya.

Na mtu akiandika barua kwa mkono wake, akasaini jina lake, akajaza uongo mtupu ndani, barua hiyo haijaghushiwa. Ni barua halisi ya muongo. Nyaraka ya kughushi inadanganya kuhusu yenyewe, imeandikwa na nani, lini, kwa mamlaka gani. Hii tofauti ikikukaa kichwani nyingine zote zitakuja zenyewe.

*

Shikamoo mwalimu. Naomba kujua kwa nini chakachua inabadilika mwisho tukisema "hachakachui" lakini ghushi haibadiliki tukisema "haghushi"? Na ni gushi au ghushi? – Mwanafunzi, Tabora

Marahaba. Ni ghushi, gh kama ya ghali na lugha, watu wanaandika gushi kwa sababu ndivyo wanavyotamka.

Vitenzi vyenye asili ya Kibantu vinaishia na a na hiyo a inabadilika: anachakachua, hachakachui, asichakachue. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu vinabaki na irabu vilivyokuja nayo, kama vile kufikiri, kusamehe, kujibu: anaghushi, haghushi, asighushi, hapo hamna kinachobadilika. Kwenye kutendwa ghushi inakuwa ghushiwa, na chakachua inakuwa chakachuliwa, hiyo l inatokea kama kwenye nunua nunuliwa na chagua chaguliwa. Anayeghushi ni mghushi, anayechakachua ni mchakachuaji.

*

Kuna bandia, feki, hewa, kanyaboya. Hizi zote si kitu kimoja? – Muuza simu, Kariakoo

Hapana kaka, na wewe kwenye biashara yako inakuhusu.

Bandia lenyewe halina kosa. Bandia ni mwanasesere wa mtoto, ni mguu bandia, meno bandia, nywele bandia, vitu vinavyoshika nafasi ya kitu cha asili bila kumdanganya mtu. Kosa linaanza pale kitu kinapobeba jina la mwingine, ndo tunapata bidhaa bandia, na kwa Tanzania hizo zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Feki ni neno la mtaani la huo ubandia wenye kosa peke yake, hakuna anayesema meno feki akimsifia mtu. Ndo maana Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu zisizo halisi nchi nzima watu walisema simu feki, sio simu bandia wala simu za kughushi: unabonyeza *#06#, namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu yenyewe, inakuja, ukiituma unaambiwa simu yako inatambulika au haitambuliki. Kenya walishazima zao tangu 2012.

Kanyaboya ni ile feki ya kudharaulika, kitu kinaonekana kipo kumbe hamna kitu. Na hewa ni jingine kabisa, mi nalipenda hili kuliko yote kwa usahihi wake. Mtumishi hewa hajaghushiwa wala kuchakachuliwa, hayupo. Mshahara unalipwa, jina lipo kwenye orodha, mtu hakuna. Mradi hewa, wanafunzi hewa, safari hewa, kote ni karatasi inayosimulia kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

*

Siku hizi video zinatengenezwa na AI, mtu anaongea maneno ambayo hajawahi kusema. Tuite video iliyochakachuliwa? – Msomaji, Arusha

Inategemea imetengenezwaje, na hapa naomba tuwe wakali na maneno kwa sababu video inasambaa kwenye magrupu usiku mmoja na mtu anaamka kaharibiwa jina.

Kama mtu alihutubia kweli nusu saa, mwingine akakata sekunde 20 akaunganisha mwanzo na mwisho ili asikike anasema kinyume, hiyo imechakachuliwa. Video halisi ipo mahali, ukiitafuta nzima utauona ukweli, na ndicho cha kwanza kufanya ukiletewa. Kama sura na sauti vyote vimetengenezwa na akili mnemba na mtu huyo hakuwahi kusimama pale, hiyo imeghushiwa, sawa kabisa na ile karatasi ya mauziano ya mama wa Kibaha, hakuna nzima ya kwenda kuitafuta. Ukiiita imechakachuliwa utakuwa umemtia mtu kwenye shida, kwa sababu msikilizaji ataelewa kwamba kuna mahali jamaa alisema kitu fulani, ila wamekizidisha tu. Wakati hakusema chochote.

Na kama hujui imetengenezwaje, basi sema haijathibitishwa na usiisambaze kwenye grupu jingine.